Utumbo wa Kupandikizwa Haulindwi na Barafu Peke Yake

Upandikizaji unaofahamika zaidi kwetu ni ule wa figo, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017 kwa kutumia figo za ndugu walio hai. Pengine ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba kila kiungo kikishatolewa kinaweza kusubiri kama figo. Figo iliyohifadhiwa vizuri kwenye ubaridi huweza kuvumilia saa 24 au hata zaidi, lakini kwa utumbo mwembamba madaktari kwa kawaida hawataki muda huo uzidi saa 9 au 10, na kila saa inayookolewa ina faida. Kwa hiyo mpokeaji huandaliwa kwa upasuaji wakati kiungo kingali njiani.

Dhana nyingine ni kwamba ubaridi husimamisha uharibifu wote. Ukweli ni kwamba kwenye nyuzijoto 4 shughuli za seli hupungua hadi takriban sehemu moja ya kumi, ila hazikomi. Nishati inapokwisha, pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli hushindwa kazi, maji huingia na seli huvimba. Ili kuzuia hali hiyo, mishipa ya damu husafishwa kwa myeyusho maalumu, na unaojulikana sana ni ule uliobuniwa na Folkert Belzer na James Southard katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980. Aidha, si kweli kwamba baridi ikizidi ndiyo bora, kwani barafu ikigusa tishu moja kwa moja huigandisha na kuiua. Kiungo hutiwa ndani ya mifuko kadhaa yenye kimiminika baridi, na barafu hubaki nje.

Dhana ambayo naiona nzito kuliko zote ni ile inayosema kwamba mishipa ikishasafishwa, kazi imekwisha. Utumbo una njia mbili, ya damu na ya chakula, na hiyo ya pili ina nyongo, vimeng'enya vya kongosho na bakteria wengi. Utando wa ndani, wenye vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, ukiwa mzima hujikinga dhidi ya vitu hivyo. Ukikosa damu, kinga hiyo hudhoofika na vimeng'enya vilivyokusudiwa kumeng'enya chakula huanza kuushambulia utando wenyewe. Chini ya hadubini, dalili ya mwanzo ni uwazi mdogo kwenye ncha ya kijidole, chini ya seli za juu. Kisha seli hizo huinuka na kubanduka, na hatimaye kijidole hubaki wazi kabisa. Majaribio kwa panya na nguruwe yameonyesha kwamba kumimina myeyusho wenye polietilini glikoli, kemikali yenye molekuli ndefu inayoyeyuka majini, ndani ya njia ya chakula hupunguza uvimbe na uharibifu huo. Kulinda upande wa damu na kuusahau upande wa chakula ni kufanya nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyo karibu zaidi na tishu inayoumia kwanza.

Wapo pia wanaoamini kwamba utumbo ukishaunganishwa na kurudia rangi yake ya waridi, hatari imepita. Kumbe sehemu ya madhara huanza wakati huohuo. Oksijeni inaporejea ghafla, kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidasi, ambacho ni kingi kwenye utando wa utumbo, huzalisha kemikali kali zinazojeruhi seli, na bakteria huweza kupenya ukuta uliolegea na kuingia katika damu. Myeyusho wa Wisconsin una alopurinoli, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa jongo, kwa sababu huzuia kimeng'enya hicho.

Hata hivyo, si kila jeraha la utando humaanisha kiungo kimepotea. Seli za utando hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, zikitokea kwenye vishimo vilivyo chini ya vijidole. Vishimo vikinusurika, utando huweza kuota tena. Kwa sababu hiyo mpokeaji mara nyingi huachiwa kwa muda tundu tumboni, ambamo madaktari hupitisha kamera na kuchukua vipande vidogo vya utando ili kuvichunguza.