Tarangire: zima injini kwanza, ndipo upige picha

Picha nyingi za tembo wa Tarangire, hifadhi ya taifa nchini Tanzania, huharibika kabla kidole hakijagusa kitufe. Gari limesimama lakini injini bado inanguruma, watu watatu wamepanda juu ya viti wakigombea upande mmoja, wa nyuma anainama kutafuta maji, na mwenye kamera anabonyeza harakaharaka asije akakosa. Jioni, picha ikifunguliwa kwenye skrini kubwa, ngozi ya tembo inaonekana kama imepakwa mafuta. Mikunjo haionekani, jicho halionekani. Lawama inaangukia kamera, na mara nyingi kamera haina kosa lolote.

Lenzi humkuza mnyama, na kwa kiwango hichohicho hukuza mtikisiko. Ya milimita 400 inamvuta tembo mara 8 zaidi ya ile ya milimita 50, basi na mtetemo wa injini ya dizeli unavutwa mara 8. Kile kifaa cha kutuliza picha kilichomo ndani ya lenzi kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu unaoyumba polepole, hakiwezi kushindana na bodi ya gari inayotetema. Kubalianeni na dereva mapema, mkiwa bado getini: tukimfikia mnyama, tunasimama, injini inazimwa, kila mtu anatulia kwa sekunde kama 10 ili springi za gari zimalize kucheza, ndipo picha zianze. Isipokuwa tembo wakiwa karibu sana na wana watoto: hapo neno la mwisho ni la dereva, na gari likae mkao wa kuondoka kwa kwenda mbele, si kwa kurudi nyuma.

Stendi ya miguu mitatu haina nafasi ndani ya gari la safari. Kinachofaa ni mfuko wa maharage. Shona mfuko wa jinzi kuukuu, urefu sentimita 30 na upana 20 hivi, tia zipu, kisha jaza kilo moja na nusu hadi mbili za maharage au mchele, usiujaze mpaka juu. Ukifika robo tatu unatosha, kwa sababu lazima ubonyee na kulikumbatia pipa la lenzi. Uliojaa kabisa unakuwa mgumu kama tofali na lenzi inateleza. Uweke kwenye ukingo wa dirisha au wa paa lililofunguliwa, laza lenzi juu yake, mkono wa kushoto uibonyeze kutoka juu. Maharage unaweza kuyanunua sokoni njiani, na safari ikiisha yanarudi jikoni.

Kati ya dirisha na paa, chagua dirisha kila inapowezekana. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mnyama aonekane mfupi, na nyuma yake panajaa udongo mtupu. Ukishuka hadi usawa wa macho yake, nyuma yake panatokea nyasi za mbali, mibuyu na anga. Kwa simba aliyelala au nguchiro waliochungulia kwenye kichuguu, tofauti ni kubwa mno.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970, ina kilomita za mraba 2,850, na sehemu kubwa ya uhai wake wa kiangazi imeshikwa na mto mmoja. Mto huo unaelekea kaskazini, na geti kuu liko kaskazini pia. Jambo hilo dogo la ramani lina faida kubwa kwa mpiga picha. Asubuhi gari linashuka kusini na jua liko mashariki, yaani kushoto kwako. Anayetazama kulia jua linakuwa mgongoni mwake. Jioni mnarudi kaskazini na jua limehamia magharibi, tena kushoto, na anayetazama kulia analo mgongoni vilevile. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kiti cha kulia ndicho chenye mwanga mzuri mara zote mbili. Wa kushoto naye hajadhulumiwa: atapata wanyama waliozungukwa na mwanga kwa nyuma, na vumbi linalong'aa, ilimradi ajue namna ya kuupokea.

Muda wa mwanga huo ni mfupi. Karibu na ikweta jua halizunguki kwa mshazari, linapanda moja kwa moja, takriban digrii 15 kila saa. Mwezi Julai linachomoza Tarangire kama saa 12:40 asubuhi. Oktoba ni mapema zaidi, saa 12:15 hivi. Ikikaribia saa 4 limefika digrii 45 hivi au zaidi na vivuli vimeanza kukaa chini ya paji la uso, pale hasa jicho la tembo lilipo. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji saa: tazama kivuli cha gari lenu. Kikiwa kirefu kuliko kimo cha gari, endelea kupiga. Kikiwa kifupi, mwanga umeshakuwa mkali. Huo ni wakati wa kula, kusafisha vifaa na kuangalia tu kwa darubini.

Kuna sababu nyingine ya kuacha mchana, na hii watu hawaiamini mpaka waione. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake inachemka na kuinuka kwa mawimbi, na mwanga unaopita humo unapinda. Mnyama aliye mita 150 anatoka kama anaonekana kupitia maji, hata ukiwa na lenzi ya mamilioni na kasi kubwa ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Hakuna kitufe cha kuliondoa tatizo hilo. Dawa yake ni mnyama aliye karibu, au subira mpaka jua lipoe.

Kati ya Juni na Oktoba, kadiri kiangazi kinavyokolea, sehemu za mto hubaki mchanga mtupu, na hapo ndipo pa kusubiri. Tembo jike anashuka ukingoni, anaonja mchanga kwa ncha ya mkonga, anasogea hatua mbili, anaonja tena. Akipaona, anachimba kwa mguu wa mbele, anapiga teke kurudisha mchanga nyuma, kisha anautumia mkonga kuchota uliobaki ndani ya shimo. Maji ya kwanza yana matope, huyanyonya na kuyamwaga pembeni. Yale yanayojichuja polepole baadaye ndiyo anayokunywa, na mtoto anasukuma kichwa chake katikati ya miguu apate zamu. Tukio zima linaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Gari linaloondoka baada ya dakika 3 linaondoka na picha ya tembo aliyesimama kwenye mchanga. Lililokaa linapata mchanga ukiruka, mkonga uliokunjwa kuelekea kinywani, matone yakidondoka.

Kwa kazi hiyo weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde kwa tembo anayetembea au kuchimba, na 1/1000 kama unataka kila chembe ya mchanga isimame hewani. Swala anayekimbia anahitaji 1/1000 au zaidi, ndege anayeruka 1/2000. Apacha, yaani tundu la lenzi (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), ya f/5.6 hadi f/8 inatosha. Tembo ni mnene, ukiweka f/4 karibu naye jicho litakuwa safi na ncha ya mkonga itayeyuka. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe, lakini iwekee mpaka wa 3200 au 6400 kulingana na kamera. Wengi huogopa chenga, vile vidoadoa vya ISO kubwa, wakashusha kasi ya shata hadi 1/100. Ni uamuzi mbaya. Picha yenye chenga inasafishika, iliyotikisika haina tiba.

Jambo linalowachanganya wengi ni rangi ya mnyama. Kamera haijui kama imeelekezwa kwa nyati au kwa yangeyange. Hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Nyati akijaza fremu, kamera inamwona mweusi kupita kiasi, inaongeza mwanga, na nyati anatoka kijivu aliyepauka. Punguza fidia ya mwanga (kitufe chenye alama ya + na −) kwa 0.7 au 1. Yangeyange mmoja kwenye matope meusi ni kinyume cha unavyodhani: matope ndiyo yaliyojaza fremu, kamera imeongeza mwanga, na manyoya ya ndege yameungua na kubaki doa jeupe. Hapo pia unapunguza. Kanuni ni kutazama kile kilichojaza fremu, kisha kulinda sehemu nyeupe, kwa kuwa nyeupe iliyoungua hairudishwi nyumbani kwa programu yoyote.

Wenye simu wasikae pembeni. Simu ina udhaifu mmoja mkubwa, kuvuta. Lenzi halisi ya kuvuta, ya mara 2, 3 au 5 kulingana na simu, itumie bila hofu. Zaidi ya hapo simu inakata picha na kuitanua: ukivuta mara 10 kwa kukata tu, kinachobaki ni sehemu 1 kati ya 100 ya picha halisi. Afadhali umpige tembo akiwa mdogo chini ya mbuyu mkubwa, picha iwe ya mahali pamoja na mnyama. Gusa mnyama kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole chini kidogo kupunguza mwanga. Ukiwa na darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye kioo cha mbele cha milimita 42), shusha vikombe vya mpira vya macho, simamisha lenzi ya simu katikati ya jicho moja la darubini, na ulaze vyote kwenye mfuko wa maharage. Kwa ndege waliotulia njia hii inatoa picha nzuri ajabu. Anza na kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu, ambaye duniani kote yupo Tanzania pekee, au kasuku mdogo wa kijani mwenye ukosi wa njano anayetaga kwenye matundu ya miti.

Vumbi la barabarani ndilo adui wa vifaa. Linaingia hasa mnapopishana na gari lingine, kwa hiyo funga madirisha na ulaze kamera kwenye begi, ifunikwe na kanga. Ukilazimika kubadilisha lenzi, gari lisimame, madirisha yafungwe, mdomo wa kamera uelekee chini. Vumbi juu ya kioo lipulizwe kwa puto la mpira kwanza, kitambaa kifuate. Ukifuta kikavu, chembe za mchanga zitachora kioo. Mate na pumzi ya mdomoni vina unyevu unaoligeuza vumbi kuwa tope. Na nguo, pamoja na begi, visiwe vya bluu iliyokoza au vyeusi: mbung'o wa Tarangire hufuata rangi hizo, na mtu anayeumwa shingoni hawezi kutuliza lenzi.

Mandhari ina msimu wake. Kiangazi hewa imejaa vumbi na moshi, vilima vya mbali vinapauka, anga ni nyeupe. Mvua zinaposafisha hewa, kuanzia Novemba, mibuyu iliyokuwa mitupu inavaa majani, mawingu yanapanda, na vinamasi kama Silale vinajaa ndege. Pundamilia na nyumbu wengi wakati huo wametoka hifadhini kuelekea mbuga za Simanjiro na upande wa Ziwa Natron, na barabara za udongo mweusi zinakwamisha magari. Kwa picha za mibuyu, hata hivyo, msimu wa mvua ndio wenye haki. Tumia apacha ya f/8 hadi f/11, si f/22, kwani tundu dogo sana hulainisha picha. Nyoosha mstari wa upeo kabla ya kubonyeza. Kisha sogea karibu kwa macho: shina la mbuyu lina makovu marefu ya pembe za tembo waliobandua gome kutafuta unyevu, na mwanga wa saa 12 jioni unaopita ubavuni hujaza kila kovu kivuli.

Tembo akigeuka na kuwakabili, akatanua masikio, akainua kichwa, au akabembeza mguu mmoja mbele na nyuma bila kukanyaga, amesema mmesogea mno. Ondokeni taratibu, bila kupiga honi. Msikatishe kati ya mama na mtoto, msizibe njia ya kundi linaloenda majini. Kutoka nje ya barabara, kushuka garini pasiporuhusiwa na kulisha tumbili vimekatazwa. Kurusha droni bila kibali maalumu pia, na upigaji picha wa kibiashara una kibali chake. Flashi izime kabisa. Ndege msiwaite kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu, maana anayeacha kiota kujibu sauti ya bandia anaacha mayai juani.

Kabla ya kuingia getini fungua mipangilio ya kamera ya simu na uzime kuhifadhi mahali. Usipozima, kila picha hubeba ndani yake alama za ramani, na tembo mwenye pembe ndefu akipandishwa mtandaoni na alama hizo, jangili anapata mto, ukingo na saa. Katika maelezo ya picha andika «Tarangire, Agosti», inatosha.