Mbona mmekuja kwangu na si kwa jirani?

Wadadisi wetu, wanaopita kuhoji kaya kwa ajili ya tafiti za takwimu, huulizwa hivyo karibu kila mlango. Mama yuko kibarazani anachambua mchele, timu imepiga hodi ikiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, na cha kwanza anachotaka kujua ni nani aliyepeleka jina lake. Wengi humshuku mjumbe. Mjumbe wa watu hana kosa: kilichochaguliwa ni namba ya kaya, si jina.

Chukua Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022, ulioendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, Bara na Visiwani, kutoka kwenye orodha ya Sensa ya 2012. Sensa mpya ilikuwa bado. Ilifanyika Agosti, wadadisi wakiwa wameshatoka uwandani Julai. Na ndani ya miaka kumi shamba la mihogo hugeuka mtaa. Kwa hiyo kabla ya dodoso hutangulia kazi ya kuorodhesha kaya upya, nyumba kwa nyumba. Kaya kwetu ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita. Bi mkubwa na bi mdogo wenye majiko mbalimbali ni kaya mbili hata kama ua ni mmoja.

Kila eneo hutoa kaya 26. Tuseme zimeorodheshwa 130: tunaruka tano tano, tukianzia namba iliyotoka kwa bahati nasibu. Ikitoka 3, zinafuata 8, 13, 18, hadi 128. Jirani yako ni namba 9, basi.

Sasa mlango wa namba 8 ukikutwa na kufuli, timu hurudi tena na tena, asubuhi na jioni. Jirani yupo, mkarimu, ameshateleka chai, anasema nihojini mimi. Hatuwezi. Anayekutwa nyumbani mchana mara nyingi ndiye mwenye kichanga mgongoni. Aliyeondoka alfajiri kuuza samaki hayupo. Tukibadilishana kaya kwa urahisi wetu, kina mama wenye watoto wachanga watajaa kwenye sampuli na kiwango cha uzazi kitapanda bila mtu yeyote kuzaa.

Sehemu nzito kuliko zote ni historia ya uzazi. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 huulizwa kila mtoto aliyemzaa, aliye hai na aliyefariki, na tarehe zao. Kadi ya kliniki ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo tunatafuta pa kushikilia: alizaliwa kabla au baada ya mvua za Elninyo? Mwaka aliofariki Mwalimu, alikuwa ameshaanza kutembea? Kisha linakuja swali la mtoto aliyelia mara moja akanyamaza. Familia nyingi hazimhesabu, na mama mwenyewe huinamisha kichwa. Mdadisi mzuri hunyamaza hapo, haharakishi. Takwimu za vifo vya watoto chini ya miaka mitano, ambavyo vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015-16 hadi 43 mwaka 2022, zinatokana na majibu hayo.

Uongo nao hutoka kwetu wakati mwingine. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana maswali mengi ya ziada: chanjo, kuharisha, homa, kunyonya. Mdadisi aliyechoka jioni anaweza kumzeesha mtoto mwaka mmoja ili ayaruke. Ndiyo maana tunaangalia umri wa watoto timu kwa timu. Wa miaka mitano wakizidi ghafla kuliko wa minne, msimamizi anarudi kuhoji upya.

Matokeo ya 2022 yalikuwa wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke: 3.6 mjini, 5.5 vijijini. Hakuna mwenye watoto wanne na pointi nane, na utani huo tumeuzoea. Maana yake ni hii: msichana wa leo akipita umri wake wote wa kuzaa kwa kasi iliyoonekana miaka mitatu kabla ya utafiti, ataishia na wastani huo.

Majibu yako yanalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura 351, na swali usilotaka unaruhusiwa kuliacha. Na wewe baba, mdadisi wa kike akikuomba ukakae kidogo pale mwembeni azungumze na mama peke yao, usinune. Kama kaya yenu imo katika ile nusu inayohojiwa wanaume, mdadisi wa kiume atakufuata hukohuko mwembeni.