Kijana wa nyumba yenye uraibu anapochaguliwa shule ya bweni

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa familia za waraibu wa heroini jijini Dar es Salaam, mashangazi, mabibi na walimu huniuliza zaidi iwapo mtoto naye ataangukia kwenye unga. Hatari hiyo ipo, na kwa sehemu hurithiwa, lakini vijana wengi niliowahudumia waliumizwa zaidi na jambo jingine: walikuwa wamezoea kutopanga chochote kinachovuka kesho.

Heroini ina ratiba yake. Nguvu yake hupungua baada ya saa chache, na siku haijaisha arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa hiyo, imeanza: miayo, makamasi, jasho, maumivu ya viungo, kuhara. Kijana wa miaka 15 anayeishi na baba anayetumia huijua ratiba hiyo kuliko ya vipindi vya darasani. Baba akianza kupiga miayo mchana, simu hufichwa, mtungi wa gesi hupelekwa kwa jirani na nauli ya daladala huhamia kwenye soksi. Binti mmoja alikuwa akiiweka sare yake kwa mama muuza maandazi, akipita alfajiri kuivaa huko kabla ya kuwahi namba, usafi wa asubuhi shuleni. Walimu walimwona nadhifu na mtulivu, wakauchukulia ukimya wake kuwa usikivu, ilhali mawazo yake yote yalikuwa nyumbani.

Gharama ya ulinzi huo hujitokeza wazi majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yanapotangazwa. Shule nyingi za ngazi hiyo ni za bweni, na mwanafunzi wa Temeke anaweza kupangiwa Tabora au Songea. Ndugu hudhani kikwazo ni godoro, ndoo na jembe vilivyotajwa kwenye fomu ya kujiunga; ada yenyewe Serikali iliiondoa mwaka 2022, na vifaa watu huchangishana. Asichoweza kukisema kijana ni hiki: akiondoka, nani atamlaza mama ubavu siku atakapozidisha dozi na pumzi kuanza kukatika? Badala yake anasema hataki tena udaktari, saluni ya mtaani inamtosha. Saluni siidharau hata kidogo, nami nimewaona wanaojenga kwayo; ila chaguo lililofanywa kwa hofu ya kifo cha mzazi silihesabu kuwa chaguo.

Mzazi anapoanza matibabu, wengi hutarajia mambo ya kijana yanyooke yenyewe. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na hudumu mwilini zaidi ya saa 24, hivyo ile ratiba ya arosto hukoma. Hapo ndipo kijana aliyekuwa mpole hugeuka mkaidi. Mama anarudi kwenye umama wake, anauliza ulikuwa wapi, anataka kukagua madaftari, naye anajibiwa, “Tangu lini?” Familia huona utovu wa adabu. Mimi naona hasira ya miaka iliyokosa mahali salama pa kutokea, pamoja na uchungu wa kunyang'anywa kazi ambayo mtoto aliifanya vizuri bila kushukuriwa. Huwashauri wazazi waanze na wajibu mmoja mdogo usiokosa siku, kwa mfano uji wa asubuhi, na suala la kutiiwa lisubiri.

Kwa yule wa bweni, tunakaa na mzazi mwenyewe akiwepo. Kabla ya kuzungumzia godoro, tunataja watu wazima wawili watakaoshika zamu ya nyumbani, tunawafundisha dalili za kuzidisha dozi na namna ya kumlaza mgonjwa, kisha tunakubaliana nani atampigia mwanafunzi kupitia simu ya matroni na siku gani, hata wiki ambayo habari ni mbaya. Hilo la habari mbaya ndilo ndugu hulipinga, wakidai kumficha ni kumlinda. Lakini kijana aliyezoea kufichwa huchukulia ukimya kuwa msiba, na ataomba ruhusa ya kurudi nyumbani kabla mwezi haujaisha. Zamu zikishapangwa ndipo ninapomuuliza upya kuhusu udaktari, na mara nyingi jibu huwa tofauti na lile la mwanzo.