Dampo halipangwi na diwani peke yake

Katika mitaa mingi ya Mbeya na Iringa watu huamini kwamba dampo huwekwa pale diwani anapopenda, na gari la taka likishaonekana, mambo yamekwisha. Imani hiyo inaeleweka: mara nyingi kitu cha kwanza jirani anachokiona ni kijiko kikichimba.

Kisheria, njia ni ndefu zaidi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka matumizi ya ardhi yafuate mpango uliopitishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa wa taka ufanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira, na humo wakazi husikilizwa. Kusikilizwa si kura ya turufu, na ni vema hilo lisemwe wazi. Lakini hoja ya mkazi ina uzito, hasa huku kwetu kwenye miteremko na mvua za Novemba hadi Aprili: maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka hushuka bondeni, kwenye vijito na visima. Anayejua kijito kinafurika wapi ni yule anayeishi kando yake.

Ukitaka kuhakikisha, anzia ofisi ya mtaa, kisha omba kuona mchoro wa mipango miji: eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani? Ukizungushwa, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.