RRP ya siku moja haikufanyi inspekta wa rangi ya risasi, tafadhalini

Wiki haiishi kabla sijatumiwa picha ya cheti WhatsApp na mtu anauliza kama nina kazi ya ukaguzi wa rangi yenye risasi (ile metali ya sumu, lead). Nikifungua ni kile kile, RRP (Renovation, Repair and Painting, yaani ukarabati na kupaka rangi), saa 8, na jamaa ashajiandika inspekta kwa profaili. Wacha niandike hii mara moja niwe naituma tu.

RRP ni kozi ya fundi. Sheria yake ni ya Marekani, EPA (shirika la mazingira la serikali ya huko) waliitoa 2008 ikaanza kung'ata Aprili 2010, na inamhusu mtu anayekwangua, anayepiga msasa, anayeng'oa madirisha kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978. Unafunzwa kutandaza plastiki, kuzuia vumbi lisihame chumba hadi chumba, kutochoma rangi kwa moto na kusafisha vizuri ukimaliza. Ni kozi poa sana, ningependa kila fundi wa rangi hapa Nairobi aijue. Lakini kupima unapima tu ile sehemu unayoenda kufanyia kazi, basi. Kutembea nyumba nzima halafu utie sahihi kwamba haina risasi, hiyo si kazi yako.

Inspekta wa EPA anasoma saa 24, na angalau 8 kati ya hizo ni za mikono. Akimaliza bado hajakuwa inspekta! Anafanya mtihani wa watu wa nje, si wa mwalimu wake, ndani ya miezi 6, na ndani ya hiyo miezi ana nafasi tatu tu, akipita ndio anaomba cheti chenyewe kwa EPA, au kwa jimbo kama hilo jimbo linaendesha mpango wake. Sasa niambie hayo yote yanaingiaje kwa Jumamosi moja na chai ya saa nne. Na pale darasani kazi si kufyatua mashine ya eksirei inayopima risasi ukutani, mtoto wa darasa la nne anaweza kufyatua. Kazi ni kujua kwamba mlango wa mbao na fremu yake ya chuma ni vipimo viwili tofauti, kwamba mashine unaihakiki ukianza, ukimaliza na kila baada ya saa 4, na kwamba kila ukuta una herufi, A ikiwa upande wa barabara halafu unazunguka vile saa inazunguka. Ripoti isiyosema ni ukuta gani ni takataka. Ndio maana nawaambia watu wachore ramani ya nyumba yao wenyewe kabla hata ya kulipia kozi, wanacheka, halafu mbele ya mwalimu wanakwama hapo hapo.

Ingine ni "mkaguzi si ndiye anasema kama nyumba ni hatari?" Hapana. Mkaguzi anakuambia rangi yenye risasi iko wapi. Hatari, yaani vumbi la sakafuni, udongo wa nje, rangi inayobanduka, ni ya mtathmini wa hatari, na huyo ana saa 16 zaidi juu ya zile 24, pamoja na uzoefu wa kazi.

"Mashine imesoma 0.3 so rangi imefaulu kwa kiwango cha Kenya." Hii huniumiza kichwa. Kiwango chetu ni 90 ppm (sehemu 90 kwa milioni), hicho ni uzito wa risasi ndani ya rangi yenyewe. Mashine ukutani inasoma miligramu kwa sentimita mraba, na mstari wa Marekani ni 1.0. Hivyo ni vitu viwili tofauti, hakuna hesabu ya simu itakayogeuza kimoja kiwe kingine. Unataka kujua ya 90 ppm, peleka rangi maabara.

1978 nayo ni ya Marekani. Usiniletee stori eti Buruburu ni salama juu hiyo faizi ilijengwa baada ya hapo. Hapa angalia rangi ya mafuta kwanza, hasa njano na nyekundu kwa geti, grili na bembea za shule. Hata ukipaka mpya juu, ya zamani bado iko chini inangoja msasa.

Kadi ya EPA pia haikupi ruhusa yoyote ya kisheria Kenya. Inaonyesha umesoma, sawa, lakini mashine yenyewe inatoa eksirei, kwa hivyo mambo ya leseni yake unaongea na KNRA (mamlaka ya nyuklia ya Kenya) kabla hujaitoa kwa boksi.

Na hakuna cheti cha maisha. RRP inadumu miaka 5, ukifanya marudio ya saa 4 kabla haijaisha unaendelea, na kama marudio yalikuwa ya onlaini bila mazoezi ya mikono unapata miaka 3 tu. Ikishaisha hata kwa siku moja, unarudi darasani saa 8 zote na pesa unalipa upya.