Je, wajua kwa nini mabasi yalichukua nafasi ya reli za umeme kati ya miji ya Marekani?

Kufikia mwaka 1916, Marekani ilikuwa na takriban kilomita 25,000 za reli za umeme zilizounganisha mji na mji. Jimbo la Ohio liliongoza kwa zaidi ya kilomita 4,400, likifuatiwa na jirani yake Indiana. Miaka 25 baadaye, sehemu kubwa ya reli hizo katika majimbo hayo mawili ilikuwa imeng'olewa au kuachwa iote kutu, na abiria waliobaki walikuwa wakipanda mabasi. Wengi hudhani kwamba basi lilishinda kwa ubora wake, lakini basi la miaka ya 1920 lilikuwa dogo, lilimtikisa abiria, na huko mashambani mara nyingi liliachwa nyuma na behewa la umeme.

Reli hizi zilizaliwa kutokana na tramu, yaani mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli katika barabara za mji. Mhandisi Frank Sprague alipofanikiwa kuendesha tramu za umeme mjini Richmond, Virginia, mwaka 1888, wawekezaji walianza kuzivusha njia hizo nje ya mipaka ya miji. Behewa moja lililovuta umeme kutoka waya wa juu lilisimama kwenye njia panda za mashambani ambako treni ya mvuke isingesimama kamwe, lilipita kila baada ya saa moja hivi, na nauli yake kwa kawaida ilikuwa nafuu zaidi. Kwa familia za wakulima hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, kwani mtu aliweza kwenda sokoni asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Mwaka 1904, Indianapolis ilifungua kituo kikuu cha mabehewa hayo chenye njia tisa chini ya paa moja.

Udhaifu ulikuwa katika hesabu. Kampuni nyingi zilijengwa kwa mikopo mikubwa, zikitarajia abiria ambao hawakufikia idadi iliyotazamiwa. Kila kampuni ililipia reli, mataruma, nguzo, nyaya na vituo vidogo vya kupozea umeme, ambavyo vilihitajika njiani kila baada ya umbali fulani kwa sababu nguvu ya umeme hupungua kadiri inavyosafiri kwenye waya. Mali hiyo yote ilitozwa kodi. Zaidi ya hayo, mabehewa yalipoingia mjini yalipita katikati ya barabara za kawaida, na mikataba na halmashauri za miji iliilazimu kampuni kutunza lami au mawe yaliyokuwa kati ya reli zake. Kwa maneno mengine, kampuni ya reli iligharimia sehemu ya barabara ambayo magari ya washindani wake yaliitumia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kilipo kiini cha jambo lote.

Wakati huohuo, serikali ilianza kujenga barabara. Sheria za shirikisho za mwaka 1916 na 1921 zilitoa fedha kwa majimbo, na mwaka 1919 Oregon ikawa jimbo la kwanza kutoza kodi ya petroli kwa ajili ya barabara. Bei ya gari la Ford Model T ilishuka hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Ni gari hilo la binafsi, kabla ya basi, lililowanyakua abiria wa kwanza.

Basi liliwachukua waliosalia. Mwaka 1914, huko Hibbing, Minnesota, Carl Eric Wickman alianza kuwasafirisha wachimba madini ya chuma kwa gari moja la watu saba, na kutokana na biashara hiyo ndogo ikakua kampuni ya mabasi ya Greyhound. Mwenye basi alilipa kodi ya petroli na leseni, ni kweli, lakini hakumiliki njia; abiria wakipungua, alilihamishia basi lake kwingine kesho yake. Reli haihamishiki.

Kampuni za reli zilijitahidi. Mwaka 1930, ile ya Cincinnati and Lake Erie ilinunua mabehewa mapya mepesi, na moja lilishindanishwa na ndege mbele ya kamera likakimbia zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Hata hivyo, kila kampuni jirani ilipofunga njia zake, mizigo na abiria wa masafa marefu walipotea pia. Mwaka 1939 kampuni hiyo iliziacha reli na kubaki na mabasi yake.

Watu wengi huilaumu General Motors, kampuni ya kutengeneza magari na mabasi, kwa yote haya. Mahakama iliitia hatiani kampuni hiyo pamoja na wengine mwaka 1949, lakini kosa lilihusu njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri wa mijini, na wakati huo reli nyingi za kati ya miji zilikuwa zimekwisha kufa.

Iliyodumu hadi leo ni South Shore Line, kati ya Chicago na South Bend. Inaingia katikati ya Chicago kwa reli halisi badala ya barabara, ilijipatia mapato makubwa kutokana na mizigo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huduma yake ya abiria imekuwa ikigharimiwa na fedha za umma, kama barabara zinavyogharimiwa.