Mkate wa nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

"Bila oveni hakuna mkate." Bibi zetu wa Pwani wangecheka. Wao walipalia moto: sufuria nzito, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukigeuza hesabu hiyo, mkate unaungua chini na juu unabaki mweupe.

"Donge likinata, ongeza unga." Naamini ushauri huu umeharibu mikate mingi kuliko mwingine wowote. Protini za ngano zikilowa hushikana na kuwa gluteni, utando unaovutika ambao hunasa gesi ya hamira. Mwanzoni lazima donge linate, maana unga haujamaliza kunywa maji. Lifunike dakika 20, kisha rudi ukande. Utaona linaachia vidole lenyewe. Unga nusu kilo huhitaji maji mililita 300 hivi, pengine zaidi kidogo. Ukizidi kunyunyiza unga mkavu, mkate hutoka mzito na kesho yake unavunjikavunjika. Mikono ikinata, ipake mafuta.

"Usipokanda kwa nguvu, hauumuki." Mwaka 2006 gazeti la New York Times lilieneza mkate usiokandwa wa mwokaji Jim Lahey wa New York: hamira robo kijiko cha chai, donge laini, kisha kulala saa 12 hadi 18. Muda hufanya kazi ya misuli. Ila saa hizo ni za chumba cha nyuzi 21 hivi. Kwenye joto letu ni nyingi mno.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa: "Acha uumuke saa moja." Saa moja ya wapi? Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, donge linaweza kufika maradufu kabla ya hapo. Njombe mwezi wa Julai, hata saa mbili zinaweza zisitoshe. Bonyeza donge kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi upesi, subiri. Likirudi taratibu na kubakiza alama, oka. Lisiporudi kabisa na donge likanywea, limepitiliza. Likande kidogo, lifinyange upya, liumuke kwa muda mfupi zaidi. Siku za joto tumia maji baridi na upunguze hamira. Wengi hufanya kinyume: hamira vijiko viwili, maji ya moto. Hamira ni kiumbe hai, na maji ya nyuzi 60 huiua. Ikizidi nayo, mkate hunuka pombe.

"Hamira haifanyi kazi bila sukari." Inafanya. Vimeng'enya vilivyomo kwenye unga huvunja wanga kuwa sukari. Ya kwenye kopo ni ya utamu na rangi. Chumvi nayo haiui hamira kwa kipimo cha kawaida, gramu 10 kwa nusu kilo ya unga. Huipunguza kasi tu.

"Mashine inamaliza kila kitu." Inakanda, inaumua, inaoka, na kwa kawaida hula umeme kidogo kuliko oveni. Lakini haina macho. Kikombe kilekile cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150, kutegemea ulivyochota. Dakika kumi baada ya kuanza kukanda, fungua kifuniko. Ukiona uji, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukiona makombo makavu, ongeza maji vivyo hivyo. Umeme ukikatika, mashine nyingi hukumbuka zilipoishia kwa dakika chache tu. Ukichelewa kurudi, toa donge umalizie kwa sufuria.

"Friji hutunza mkate." Huchelewesha ukungu, kweli, lakini baridi yake hukakamaza wanga haraka kuliko mkate ungekaa mezani. Wa kesho ufunge kwa kitambaa safi. Wa wiki ijayo ukate vipande, utie friza, na ukitaka kula upashe kwenye kikaango kikavu.